Prof na Dakika Zake Tisa

Katika shule yetu kila mwalimu huitwa Prof, lakini ukisema "Prof" peke yake, wanafunzi, wazazi na yule mama wa maandazi pale getini wote wanajua unamtaja nani. Ni mwalimu wa michezo. Nimefanya naye kazi miaka kumi na minne, mimi nikiwa sekretere nyuma ya dirisha linalotazama kiwanja, yeye akiwa kiwanjani na filimbi asiyopenda kuipuliza. Alizaliwa wapi, baba yake ni nani, ukoo wake ni upi, hayo waulize wanaoyapenda. Katika mji huu hawakosekani. Mimi naandika niliyoyaona kutoka dirishani, na machache niliyoyasikia kwa masikio yangu.

Kabla ya kuwa Prof alikuwa mwanafunzi wa chuo Amerika, katika mji mdogo wenye baridi isiyo na adabu, na huko alicheza mpira. Si mpira wetu. Ni ule wao, ambao mpira wenyewe una umbo la papai na wachezaji wanavaa kofia ngumu kama wachimba migodi. Katika kila timu yuko mmoja anayelipokea lile papai, anatazama mbele sekunde mbili tatu huku wanaume wazito wakimjia kama malori ya saruji, kisha anamtupia mwenzake aliye mbali. Huyo anaitwa kotabeki. Prof alikuwa kotabeki.

Taabu yake ilianzia hapo. Majirani zake wa Jabe, mtaa wa hapa Bujumbura, walisikia "kotabeki" wakaelewa "shefu wa kartie", yaani mkuu wa mtaa. Kwa muda mrefu walikuwa wakimpelekea kesi za mifereji na kelele za baa, kwa kuwa mtu aliyewahi kuwa shefu wa kartie Amerika hawezi kushindwa na mfereji wa Jabe. Alipowaeleza kwamba kotabeki ni mchezaji, walifurahi zaidi. Mchezaji! Tena wa Amerika! Tangu siku hiyo akawa bingwa, na hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kushinda kitu.

Ukweli wenyewe aliusema kila alipopata nafasi, kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, na mimi nimeusikia mara nyingi hata naweza kuukariri. Mwaka wa kwanza hawakumpa jezi ya mechi. Mitatu iliyofuata alivaa jezi, akakaa kwenye benchi. Mbele yake alikuwepo kotabeki wa kwanza, kijana mrefu ambaye picha yake mpaka leo imetundikwa ukutani chuoni kwao, na kijana yule kwa miaka mitatu hakuumwa hata mafua. Kazi ya reservi, mchezaji wa akiba, ilikuwa kutoa ishara. Kocha anamnong'oneza mchezo unaofuata, naye anausema kwa mikono kutoka pembeni: anagusa bega, anapiga paja, anashika sikio, ili yule aliye uwanjani ajue la kufanya. Basi.

Alicheza mara moja. Ilikuwa mechi ya mwisho ya mwaka wa mwisho. Timu yao ilikuwa imekwisha kushinda, watazamaji wengi wameshaondoka kuyatafuta magari yao, kocha akamwambia ingia. Alicheza dakika tisa. Alitupa mipira minne. Miwili ilianguka chini, mmoja ukadakwa na adui, na wa nne ukadakwa na mwenzake, ambaye alikimbia nao hatua sita kabla ya kuangushwa. Nilipata kumwambia mgeni mmoja kwamba zilikuwa saba. Prof aliweka kikombe chake chini.

"Sita, Mama Zuhura," akasema. "Mi nilizihesabu."

Huyo ndiye mtu tuliyemfanya bingwa.

Nasema tuliyemfanya kwa sababu mkono wangu umo. Direkteri wetu, mtu mwenye maneno matamu na shati jeupe siku zote, alitaka kikaratasi cha kuwavutia wazazi, akaniambia niandike kwamba michezo inafundishwa na bingwa wa zamani wa Amerika. Nikachapa. Prof alipokiona akaja ofisini, akasimama mbele ya meza ya Direkteri.

"Bwana Direkteri, hii si kweli. Mi sikuwa bingwa. Nilikuwa reservi."

"Prof, we uko na heshima ya kupita kiasi."

"Apana, si heshima. Ni hesabu."

"Wazazi hawaleti watoto kwa reservi," Direkteri akasema akitabasamu. "Tuachie sisi maneno, we shika kiwanja."

Alasiri hiyo Prof alikaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu na kalamu nyekundu. Kwenye kila kikaratasi alikata neno "bingwa", akaandika juu yake kwa herufi zake nzuri: "reservi". Vyote. Nilimwona akitikisa mkono uliochoka, na sikumzuia wala sikumsaidia. Muhula ulipoanza, baba mmoja muuza vipuri alikuja kuandikisha wanawe wawili, akaniuliza kwa unyenyekevu kama ni kweli mwalimu huyu alichezea ile timu kubwa ya Amerika, Reservi.

Mke wa Prof, mwanamke wa Uvira anayeuza vitenge soko la Jabe, hakujisumbua na vita hivyo. Wateja walimjia kwa kuwa ni bibi wa bingwa, na yeye aliwapokea vizuri. "Mimi nimeolewa na reservi," aliniambia siku moja akinipimia kitenge, "lakini bei ni ya bingwa." Walipendana sana wale wawili. Walibishana kila siku na sikuwahi kumwona hata mmoja wao akila kabla ya mwenzake kufika.

Prof alikuwa na mazoea ambayo ungeyacheka kama usingejua yalikotoka. Kabla ya kushika chochote, iwe chaki, sahani au mkono wa mtu, alijifuta viganja kwenye mapaja, kushoto na kulia. Ukimwomba funguo ukiwa unatembea, hakukutupia wewe. Alizitupa mbele yako, mahali ambapo hujafika bado, na kabla hujakasirika unakuta umefika na funguo ziko mkononi. "Usitupe pale mutu iko," aliwaambia wanafunzi wa basketi. "Tupa pale atakuwa." Mpira wa miguu, ambao kila mtoto wa mji huu anazaliwa nao, ulimshinda kabisa. Akipiga penalti, kipa alikaa chini kumheshimu.

Na huyu mtu aliyekuwa mchoyo wa sifa kwa nafsi yake hakuwa na kipimo kwa wengine. Mtoto asiyeweza kuruka kamba alipata kumi na saba juu ya ishirini. Mwenye pumu aliyekaa kivulini kipindi chote alipata kumi na sita, na maneno: "Anatazama vizuri." Direkteri alimwita mara kadhaa juu ya alama hizo. Nilimsikia akijibu kwamba aliyekaa pembeni naye ameshiriki. Direkteri alicheka, nami nikaendelea kuchapa. Leo nafikiri tulipaswa kumuuliza ana maana gani.

Kisa cha Buterere, kule pembeni mwa mji, wengi wanakijua, lakini wanajua kisa kingine. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, mto ukatoka njia yake, mashamba ya mpunga yakawa ziwa. Mama wa mlinzi wa shule yetu, bibi mzee, alibaki nyumbani kwake ng'ambo ya maji, amesimama juu ya meza mlangoni. Tulikwenda pamoja, Prof, mlinzi na mimi, na tukakuta watu wengi ukingoni na kamba. Waliokuwa wakibishana nani aingie majini walipomwona Prof wakanyamaza, kisha wakaanza kupiga kelele: "Bingwa! Tupa, bingwa!"

Wakamfungia jiwe kwenye ncha ya kamba. Akajifuta mikono kwenye mapaja. Akatupa, jiwe likaanguka katikati ya maji. Akavuta, akatupa tena, likanasa kwenye bati la jirani, ikabidi wavute wanaume wanne. Mara ya tatu likampiga mbuzi aliyekuwa amepanda juu ya kichuguu akijitafutia amani yake. Umati ukaguna. Prof alimtazama yule bibi, akatazama kamba, kisha akavua viatu, akanipa mimi nivishike, akaingia majini kwa miguu. Maji yalimfika kifuani. Alimbeba bibi mgongoni, akarudi polepole akipapasa ardhi kwa vidole vya miguu, na bibi akimlaumu njia nzima kwamba ameacha sufuria.

Jumatatu mji mzima ulikuwa na habari: bingwa ametupa kamba kutoka barabarani, ikapita juu ya mashamba, ikajizungusha yenyewe kiunoni mwa bibi. Prof alikwenda mlango kwa mlango, na wakati mwingine nilikuwa naye.

"Nilikosa mara tatu," alisema. "Muulizeni mwenye mbuzi."

"Unamwona?" watu wakaambiana. "Bingwa wa kweli hajisifu."

Nilimuuliza siku hiyo, tukirudi, kwa nini inamuuma hivyo. Watu wanampenda, mke wake anauza, shule inajaa. Uongo huu unamdhuru nani?

"Mama Zuhura," akasema, "mi sikufanya mambo mingi kwa maisha yangu. Nilikaa kwa benchi miaka mitatu. Ile baridi yote ni yangu. Wakinipa ubingwa wa mutu mwingine, ile yangu wananyang'anya. Itabaki nini?"

Nikazungumzia mvua.

Mwaka jana akaja shahidi. Yule kotabeki wa kwanza mwenyewe, kijana mrefu wa ile picha, ambaye sasa ni mtu wa makamo mwenye fimbo, alimwandikia Prof kwamba anakuja Kampala kwenye harusi ya binti yake na kwamba angependa kufika Bujumbura. Direkteri alipopata habari aliandaa sherehe: wazazi, viti vya kukodi, vipaza sauti, keki yenye umbo la papai. Bingwa mmoja wa Amerika ana faida. Wawili ni baraka. Mimi nilimwonea Prof huruma, lakini yeye alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

"Kesho nitapumzika," aliniambia. "Yeye atawaambia. Mutu mwenye alikuwa kule, hawawezi kumukatalia."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa shule. Mgeni alisema Kiingereza tu, na Prof akawa mkalimani wake. Hapa lazima niseme jambo ambalo shuleni hawakulijua. Kiingereza nakisikia. Nilichapa ripoti miaka sita katika ofisi ya wageni, na lugha iliniingia bila kuombwa. Sikutangaza, maana sekretere mwenye lugha nyingi huongezewa kazi, haongezewi mshahara. Hata Prof hakujua. Sisi wawili tulizungumza Kiswahili siku zote.

Mgeni alisimama, akaegemea fimbo, akasema taratibu. Alisema kwamba watu wa kwao wanamkumbuka kwa mipira aliyoitupa, lakini kila mara kabla ya kutupa, alimtazama kwanza mtu huyu aliyesimama pembeni.

Akanyamaza ampe mkalimani nafasi. Prof akageukia watu.

"Anasema yeye ndiye alikuwa anatupa," akasema. "Mi nilikuwa nasimama pembeni."

Nikafikiri amesahau kipande.

Mgeni akaendelea. Kocha alikuwa akimnong'oneza Prof ishara moja, lakini Prof akiona adui wamejipanga vingine, alibadilisha mikono na kutoa ishara nyingine. Kocha hakujua. "Mimi nilijua," alisema mgeni. "Nilipomfuata, nilibaki nimesimama. Baada ya chuo nilicheza mahali ambapo yeye hakuwepo, na huu ndio mguu niliorudi nao."

"Anasema," Prof akatafsiri, "nilikuwa natoa ishara za kocha."

Sasa nikaiweka chini kalamu niliyokuwa nikiandikia hotuba. Wazazi walitazamana. Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Ishara tu?"

Mgeni alikuwa amebadilika uso. Aliutoa mkono kwenye fimbo, akaushika mkono wa Prof, na maneno yake ya mwisho hakuyaelekeza kwa wazazi. Alisema kwamba alikuwa na miaka ishirini na alitaka picha yake iwe ukutani. Kama angemwambia kocha nani anayeusoma mchezo, kocha angembadilisha. Kwa hiyo alinyamaza miaka mitatu, na baadaye akanyamaza mingine mingi. "Nafasi ile ilikuwa yako," alisema. "Nimekuja kukuomba msamaha mbele ya watu wako."

Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama Prof. Aliuvuta mkono wake polepole, akajifuta viganja vyote viwili kwenye mapaja, kushoto na kulia.

"Anasema," akasema, "nilikuwa reservi muzuri. Sikucheza juu ya vile sikuwa mwepesi. Na anawashukuru kwa mapokezi."

Kisha mtu akacheka, si kwa ubaya, na kicheko kikaenea ukumbini, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo. "Kumbe ni kweli alikuwa kwa benchi!" akasema muuza vipuri, akipiga makofi. Direkteri naye akapiga makofi, akitazama keki kwa huzuni. Mgeni, ambaye hakuelewa neno, aliwatazama wale wote wanaocheka, akamuuliza Prof kwa sauti ndogo kama wamemkasirikia.

"Hapana," Prof akamjibu kwa Kiingereza. "Wamefurahi. Keti."

Jumatatu Direkteri aliniagiza nichape upya kikaratasi bila ile sentensi, na watu wa Jabe walimvua Prof ubingwa wake ndani ya wiki moja. Mama wa vitenge alishusha bei bila kulalamika. Watoto hawakujali, kumi na saba zao zilikuwa palepale.

Mimi nilikaa na yale niliyoyasikia zaidi ya mwezi mmoja. Shuleni sikupata mahali pa kuyaweka. Kisha Jumapili moja alasiri nilikwenda Kajaga, ufukweni mwa ziwa, na wajukuu, nikamkuta Prof ameketi peke yake mchangani, suruali ameikunja, anawatazama wavuvi wakitandaza nyavu. Mke wake alikuwa kwenye vibanda vya samaki, anabishana na mkaangaji. Niliwaacha wajukuu wacheze, nikaketi karibu naye.

"Prof," nikasema, "Kiingereza cha yule mugeni, mi nilikisikia."

Hakugeuka. "Chote?"

"Chote."

"Juu ya nini ulinyamaza?"

"Na we, juu ya nini ulidanganya?"

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Miaka kumi na mine nawapa ukweli, munakataa. Siku moja tu nimewapa uongo, mukaupokea na mikono mbili."

Tulicheka wote, kisha kicheko kikatuishia mikononi. Nikamuuliza kama alimsamehe yule mtu. Alisema alimpeleka mpaka kwenye basi na akambebea sanduku, na yule hakuuliza tena.

"Kama ningetafsiri ile," akasema, "wangemuchukia. Alitoka mbali. Na binti yake ametoka kuolewa." Akachota mchanga, akaumwaga. "Na mi pia sikuwa tayari. Nilijua nilikuwa nabadilisha ishara. Sikujua kama alikuwa anaona. Nilifikiri anafanya ya kwake tu, na ya kwangu inaangukia palepale. Miaka yote hiyo nilifikiri ni bahati."

Mke wake alimaliza ubishi, akatupungia mkono kutoka kibandani.

"Mama Zuhura, niambie kitu," Prof akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ile siku nilikuwa na kazi. Nilikuwa natafuta maneno ya kuweka. Kama uko unatafsiri, hausikii. Niambie alisema namna gani. Kwa Kiswahili."

Nikamwambia. Nilianza mwanzo, sentensi kwa sentensi, kama barua ninayosomewa nichape. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye msamaha alinyanyua kidole.

"Ule mwanzo," akasema. "Alisema alikuwa ananitazama kila mara, ao alisema mara mingi?"

"Kila mara."

"Uko hakika?"

"Niko hakika, Prof. Alisema kila mara kabla ya kutupa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, macho ziwani.

"Samaki inapoa!" mke wake akaita.

Prof alimwonyesha kiganja, asubiri kidogo.

"Rudia tena," akaniambia. "Toka mwanzo."